Minofu ya sangara isiyovunjika wala kutoa maji: mwongozo kamili kutoka bucha hadi sahani

Kwa miezi kadhaa sasa swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni lile lile, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Dada, minofu yangu imegeuka uji kikaangoni." "Imeshika chini, nimekwangua yote." "Imetoa maji utafikiri nimechemsha." Mmoja alinitumia picha: katikati ya kikaango kuna maji meupe kama maziwa yaliyokatika, na vipande vya sangara vimetawanyika pembeni. Alikuwa na kikaango kipya, mafuta masafi na viungo vyote.

Kikaango hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa maji, na lilianza saa nyingi kabla hajawasha jiko. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa mnofu wa samaki mweupe ni maji, na nyama yake haina kano nene za kuishikilia kama ya ng'ombe. Maji hayo yakikaa ndani ya nyama, unakula samaki mtamu, laini, anayeachana vizuri kwenye uma. Yakitoka kabla ya wakati, unapata uji. Karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: kuyabakiza maji ya ndani mahali pake na kuyaondoa ya nje.

Nitazungumzia sangara kwa sababu ndiye minofu yake inayopatikana kwa urahisi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Kisumu wanamwita mbuta, Uganda ni mputa, na aliyeko Ujerumani atamkuta kwenye friza za maduka kwa jina la Viktoriabarsch. Ukiwa na minofu ya sato, chewa au changu, hatua ni hizi hizi. Kinachobadilika ni unene, na unene ndio unaoamua dakika.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kwa watu 4:

- Minofu ya sangara gramu 600, yaani gramu 150 kwa kila mtu, iliyokatwa vipande vyenye unene unaolingana
- Chumvi laini vijiko 3 vya chakula na maji baridi lita 1, kwa ajili ya kulowekea
- Karatasi za jikoni, au vitambaa 2 safi vya pamba visivyo na harufu ya sabuni
- Chujio bapa au wavu wa kuwekea samaki, na sahani pana ya kukinga chini yake
- Kikaango kizito. Chepesi hupoteza moto mara tu samaki anapoingia
- Kijiko bapa cha kugeuzia, chenye ncha nyembamba
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula
- Unga wa ngano au wa mchele vijiko 3 vya chakula
- Ndimu 1, pilipili manga, kitunguu saumu
- Deli yenye barafu, au mfuko unaotunza baridi, kwa safari ya kutoka sokoni

Ukiwa na kipimajoto cha chakula, kilete. Usipokuwa nacho utatumia macho na uma, na vinatosha.

## Hatua ya 1: Kuchagua

Minofu iliyokwisha kukatwa imepoteza mashahidi wawili wakubwa, macho na matamvua. Kwa hiyo njia bora kuliko zote, kama soko linaruhusu, ni kuchagua samaki mzima kisha ukaomba atolewe minofu mbele yako. Mtazame macho: yawe yamejaa na yanang'aa, yasiwe yamezama wala kuwa na ukungu. Inua shavu: matamvua yawe mekundu ya damu, yasiwe ya kahawia. Sangara aliye chini ya sentimita 50 usimnunue hata kwa bei ya chini; ni mchanga mno, sheria ya uvuvi inamkataza, na minofu yake ni myembamba, hukauka kabla haijapata rangi.

Ukimnunua mzima, ondoka na mapanki yake pia. Umelipia kichwa na mgongo, na supu yake ni nzuri kuliko kitu chochote unachoweza kununua kwenye pakiti. Nitaigusia huko mbele.

Kama minofu imeshakatwa, angalia mambo haya kwa mpangilio huu.

Maji kwenye trei. Hiki ndicho cha kwanza. Minofu iliyolala kwenye dimbwi la maji ya waridi imeanza kupoteza kile unacholipia. Unyevu unaong'aa juu ya nyama ni sawa; dimbwi si sawa.

Rangi. Iwe nyeupe yenye uwaridi kwa mbali, na mwanga upenye kidogo. Kingo zilizogeuka njano au kijivu zinasema imekaa. Ile nyama nyeusi kidogo inayopita kando ya mgongo iwe nyekundu. Ikishakuwa kahawia, umechelewa.

Nyama kuachana. Mnofu wa samaki umejengwa kwa matabaka yaliyopangana kama kurasa. Kama kurasa hizo zimeshafunguka ukiwa bado mbichi, hakuna fundi atakayeuzuia usivunjike kwenye moto. Huo unafaa mchuzi au kababu, si kukaanga.

Kubonyeza. Vaa kimfuko kidoleni au mwombe muuzaji abonyeze mbele yako. Akandamize sehemu nene kwa kidole gumba, aachie, kisha uhesabu moja, mbili. Shimo linapaswa kujaa lenyewe. Likibaki pale kama alama ya kidole kwenye ugali, tafuta bucha jingine.

Harufu. Samaki wa ziwani aliye mbichi ananukia maji na majani mabichi. Shombo kali, au harufu kama ya amonia, ni jibu. Usikubali maneno "ukiosha na ndimu inaisha." Harufu inaisha, uharibifu unabaki.

Baada ya hapo chagua sehemu. Mnofu wa sangara mkubwa una sehemu tatu zinazopikika tofauti: ya mgongoni ni nene na inalingana, ya tumboni ina mafuta zaidi, ya mkiani ni nyembamba na ina nyuzi. Kwa kukaanga mimi sibadilishi. Kijana wa buchani kwetu ameshanizoea, lakini bado hujaribu.

"Mama, chukua hii ya mkiani, nakupunguzia."

"Hapana mwanangu, nikatie ya mgongoni, vipande vya unene wa kidole gumba, vilingane."

Kulingana ndiko ninakokulipia. Kipande chenye upande mmoja wa sentimita 3 na mwingine wa sentimita 1 hakiwezi kuiva sawa hata ungekisimamia vipi: upande mwembamba utakuwa umekauka wakati mnene bado mbichi.

### Kama ni ya kugandishwa

Minofu iliyogandishwa vizuri kiwandani haina ubaya wowote. Mara nyingi ni bora kuliko "mibichi" iliyozunguka siku nzima kwenye jua. Lakini isome pakiti. Barafu nyembamba iliyofunika mnofu mzima sawasawa ni kinga. Barafu iliyoganda bonge kwenye kona moja ya mfuko ni ushahidi kwamba minofu iliyeyuka, maji yakateremka, kisha ikagandishwa upya. Madoa meupe makavu, kama chaki, ni sehemu zilizounguzwa na baridi. Hazidhuru, ila zitatafunika kama kamba.

Niliwahi kununua kilo 2 kwenye duka moja, siku moja baada ya umeme kukatika usiku kucha. Bonge la barafu lilikuwa pale pale konani, minofu imeshikana kama tofali. Niliona, ila nilikuwa na wageni jioni ile, nikachukua. Ilipoyeyuka ilitoa bakuli zima la maji, na nyama iliyobaki ukiibonyeza ilikuwa kama sponji. Kilo 2 zikawa mchuzi wa kuokoteza. Tangu siku hiyo mfuko wenye bonge la konani naurudisha kwenye friza yao bila kufikiria mara mbili.

Umefanikiwa ukiwa na: vipande vinavyolingana, vigumu kiasi, visivyo na shombo, ambavyo ukivishika kwa ncha moja vinainama bila kuachana.

## Hatua ya 2: Kuifikisha nyumbani

Samaki awe kitu cha mwisho kununua sokoni. Nyanya zinasubiri, yeye hasubiri. Kanuni ya usalama ni kwamba samaki mbichi asikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Mchana wa Dar au Mombasa wa mwezi wa pili unakupa saa 1, na foleni inaihesabu.

Weka barafu chini na juu, lakini minofu iwe ndani ya mfuko uliofungwa. Watu wengi wanamwaga barafu moja kwa moja juu ya minofu. Inayeyuka, minofu inaogelea, na inafika nyumbani imekunywa maji. Samaki mzima mwenye ngozi anavumilia kulala kwenye barafu. Mnofu hauna ngozi ya kuukinga.

Ukisafiri kwa bodaboda usiuning'inize mfuko kwenye usukani juani. Nunua barafu hata ya chupa iliyogandishwa, ipakate pamoja na samaki.

## Hatua ya 3: Kuhifadhi

Ukifika, usiuloweke mnofu kwenye beseni. Najua tumelelewa hivyo, samaki "aoshwe maji matatu." Samaki mzima aliyeparuliwa magamba, sawa. Mnofu uliolowekwa unafyonza maji na unapoteza ladha. Kama una gamba au damu, upitishe haraka kwenye maji baridi yanayotiririka taratibu, sekunde chache, kisha ukaushe papo hapo kwa karatasi, pande zote mbili.

Pitisha ncha za vidole katikati ya sehemu nene kuelekea kichwani. Hapo ndipo miba midogo hubaki. Ukiigusa, ing'oe kwa kibano ukivuta kuelekea ilikolala. Kama kuna watoto au wazee mezani, fanya hivi mara mbili.

Kwenye friji, kwa kupika leo au kesho: tandika karatasi kavu kwenye chombo, panga minofu bila kubebana, funika, weka rafu ya chini kabisa ili majimaji yasidondokee mboga na matunda. Joto liwe kati ya nyuzi 0 na 4. Siku 2 ndiyo mwisho.

Kwenye friza, gandisha siku hiyo hiyo uliyonunua, usisubiri uone kama utapika. Funga kila mlo peke yake, minofu imelala safu moja, hewa yote imesukumwa nje. Njia rahisi ya kutoa hewa: acha mdomo wa mfuko wazi kidogo, uzamishe taratibu kwenye beseni la maji hadi karibu na mdomo, maji yatasukuma hewa nje, kisha funga. Andika tarehe. Laza mfuko ukiwa bapa ili ugande haraka, kwa sababu mnofu unaoganda polepole hutengeneza chembe kubwa za barafu, na chembe hizo huchanachana nyama kwa ndani. Hapo ndipo maji mengi ya kikaangoni yanapoanzia.

Friza inayoshika nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kutunza samaki mweupe kwa miezi 6 na zaidi. Nyumbani, ambako mlango unafunguliwa kila saa na umeme unakuja na kuondoka, mimi sivuki mwezi 1.

Na umeme ukikatika? Usifungue kuchungulia. Friza iliyojaa na kufungwa hutunza baridi kama saa 48; iliyojaa nusu tu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Umeme ukirudi na minofu bado ina barafu ndani yake, unaweza kuigandisha tena bila hofu ya kudhurika, ila itie alama: hiyo ni ya mchuzi sasa, si ya kukaanga. Kama imeshalainika na ina joto, mwaga. Inauma, lakini mwaga.

## Hatua ya 4: Kuyeyusha

Hapa kosa ni moja na linafanywa karibu kila nyumba: kuitoa asubuhi na kuiacha juu ya meza hadi jioni. Nje inafika joto la kuzalisha bakteria wakati ndani bado barafu.

Itoe usiku, iweke rafu ya chini ya friji juu ya chujio lenye sahani chini yake. Asubuhi utakuta maji kwenye sahani. Yamwage, yasirudi kwenye chakula. Kama una haraka, uzamishe mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila baada ya dakika 30. Vipande vya unene wa kidole vitakuwa tayari ndani ya saa 1, na vipikwe mara moja.

Usitumie maji ya moto, hata ya uvuguvugu. Yanaivisha kingo kabla ya katikati kulegea.

Onyo moja kwa minofu ya pakiti zilizonyonywa hewa: toboa au fungua pakiti kabla ya kuiyeyusha kwenye friji. Kuna bakteria hatari wanaostawi pasipo hewa, na pakiti iliyofungwa ikipata joto inawapa nafasi.

## Hatua ya 5: Maji ya chumvi, kisha kukausha

Kama una muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii. Wengi wa walioniandikia walikuwa wakiiruka, au wakifanya kinyume chake: ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, halafu minofu ikae saa 2 "iingie viungo."

Ndimu ni tindikali. Ikikaa kwenye nyama ya samaki inafanya kazi ile ile inayofanywa na moto: inakaza nyama na kusukuma maji nje. Baada ya nusu saa utaona mnofu umegeuka mweupe juu, umekuwa kama umechemshwa. Ukiuweka kikaangoni unapikwa mara ya pili, na unavunjika. Tena ndimu haiui vijidudu kwa kiwango cha kutegemewa. Inaficha shombo tu. Ndimu ni ya mezani, au dakika 10 za mwisho kabla ya moto, si zaidi.

Fanya hivi badala yake:

1. Koroga vijiko 3 vya chumvi laini kwenye lita 1 ya maji baridi hadi iyeyuke yote. Maji yawe baridi kweli, ya friji.
2. Zamisha minofu dakika 15. Vipande vyembamba dakika 10. Tazama saa, usikadirie.
3. Toa, pangusa, panga juu ya wavu wenye sahani chini.
4. Rudisha kwenye friji bila kufunika, nusu saa.
5. Kabla tu ya kupika, kandamiza tena kwa karatasi kavu, pande zote, hadi karatasi itoke haina unyevu.

Utashangaa mbona nimekataza kuloweka kisha naloweka. Tofauti ni chumvi. Maji matupu huingia na kutoka yatakavyo. Chumvi ya kiasi hiki hulegeza protini za nje ya mnofu ili zishike maji badala ya kuyatema zinapopata moto. Ndiyo maana yale matone meupe yanayochuruzika pembeni ya samaki akiiva hupungua sana. Na ile nusu saa ya friji bila kufunika hukausha uso wa mnofu, ambao ndio unaopata rangi ya dhahabu.

Kwa mwenye shinikizo la damu, au aliyeambiwa apunguze chumvi: ruka namba 1 na 2. Kausha, weka kwenye wavu, kausha tena, kisha nyunyiza chumvi kidogo sana sekunde unayoingiza samaki kikaangoni. Kukausha peke yake kunakupa sehemu kubwa ya faida. Wengine wote, msiongeze chumvi nyingine baada ya kuloweka.

Umefanikiwa ukiona: mnofu umekaza kidogo, juu una unata mwepesi kama gundi inayokaribia kukauka, na ukiuinua hautoi tone.

## Hatua ya 6: Kupika

Alama ya kuiva ni moja kwa njia zote. Nyama inaacha kupenyeza mwanga, inakuwa nyeupe hadi katikati, na ukiichomeka uma kwenye sehemu nene na kuuzungusha kidogo, zile kurasa zinaachana zenyewe. Kwa kipimajoto ni nyuzi 63 katikati. Kila dakika baada ya hapo unafukuza maji.

### Kukaanga kwa mafuta kidogo

Weka kikaango kitupu kwenye moto wa kati unaoelekea mkali, dakika 2. Kama ni jiko la mkaa, subiri moshi uishe na makaa yashike majivu mepesi juu. Makaa mabichi yanaunguza upande mmoja na kuacha mwingine.

Tia mafuta vijiko 2, yazungushe. Chukua kipande, kipake unga pande zote, kisha kikung'ute hadi ubaki ukungu tu. Unga upakwe sasa hivi, si mapema. Ukikaa dakika 5 unavuta maji na kuwa ubandiko, na ubandiko ndio unaoshika chini.

Gusisha ncha ya samaki kwenye mafuta. Ukisikia *shwaaa* ya kueleweka, mlaze ukimwelekeza upande ulio mbali nawe ili mafuta yasikurukie. Ukisikia kimya, mtoe, subiri. Kimya maana yake mafuta bado, na samaki anayeingia kwenye mafuta baridi anaganda na chuma.

Kandamiza kidogo kwa kijiko bapa sekunde 10 ili alale wote. Halafu mwache. Hapa ndipo mikono inawasha na watu wanaanza kusukumasukuma. Usimguse dakika 3 hadi 4. Utaona weupe ukipanda pembeni kama maji yanayojaa kwenye glasi. Ukifika zaidi ya nusu ya unene, ingiza ncha ya kijiko chini yake. Akiachia kirahisi, geuza. Akigoma, hajawa tayari. Mpe nusu dakika nyingine. Samaki aliyepata rangi anaachia kikaango mwenyewe, na aliyevutwa kabla ndiye anayeacha nusu yake chini.

Geuza mara moja tu. Upande wa pili dakika 2 hadi 3. Katika dakika ya mwisho ndipo unaweka kitunguu saumu kilichopondwa pembeni ya mafuta. Ukikiweka mwanzo kinaungua na kuwa kichungu.

Pika vipande 2 kwa wakati, au 3 kama kikaango ni kipana. Ukijaza, joto linashuka, maji yanatoka, na unarudi kwenye ile picha niliyotumiwa.

Mtoe juu ya wavu, siyo sahani bapa, apumzike dakika 2. Kamulia ndimu mezani.

Kwa afya, hii ndiyo tofauti kubwa na kumzamisha kwenye mafuta. Gramu 100 za mnofu mweupe mbichi zina protini karibu gramu 18 hadi 20 na mafuta machache sana. Ukimzamisha na tabaka nene la unga, unga ndio unaokunywa mafuta, na unamla pamoja nao. Kwa vijiko 2 vya mafuta kwa watu 4, unapata rangi na uepesi unabaki.

### Kwenye jani la mgomba

Hii ni kwa asiyetaka mafuta kabisa, na kwa anayeogopa kugeuza, maana hakuna kugeuza. Pitisha jani juu ya moto hadi libadilike rangi na kulainika, la sivyo litapasuka ukilikunja. Weka vitunguu maji na nyanya zilizokatwa nyembamba, juu yake mnofu uliokaushwa, pilipili manga, majani ya giligilani. Kunja, funga kwa uzi wa mgomba wenyewe.

Kwenye mvuke, sufuria iliyofunikwa na maji yanayochemka chini, vipande vya unene wa kidole gumba huchukua dakika 8 hadi 10, na jani linaongeza kama dakika 3. Kwenye oveni ya nyuzi 200, dakika 15. Ukikosa jani ukatumia foili, usiweke ndimu ndani yake. Tindikali hula aluminiamu na kuacha ladha ya chuma.

### Mchuzi wa nazi

Kosa hapa ni mpangilio. Samaki anaingia mwisho, si mwanzo.

Kaanga vitunguu, nyanya, bizari na tangawizi kwa mafuta kidogo hadi nyanya ziive kabisa na mafuta yajitenge. Tia tui la pili, lile jepesi, liache lichemke na lipungue hadi mchuzi uwe mzito unavyotaka. Onja chumvi sasa. Kisha punguza moto, laza minofu safu moja, funika, dakika 6 hadi 7.

Usiingize mwiko. Shika masikio ya sufuria na itikise kwa mzunguko. Tui la kwanza ongeza dakika ya mwisho, kikombe nusu tu, na lisichemke kwa nguvu lisije likakatika. Nazi ina mafuta mengi, kwa hiyo anayeangalia mafuta abaki na tui la pili peke yake. Mchuzi bado unakolea.

Yale mapanki uliyobeba kutoka sokoni yachemshe chukuchuku siku ya kwanza: toa matamvua, weka maji ya kufunika, kitunguu, nyanya, tangawizi, moto mdogo nusu saa, ndimu mwishoni. Chuja kabla ya kuwapa watoto.

Sahani yenyewe naipanga hivi: nusu mchicha au matembele, robo samaki, robo ugali au wali. Samaki mweupe hana nyuzi za mimea hata kidogo, kwa hiyo mboga hapo si pambo.

## Hatua ya 7: Yaliyobaki

Yaingie friji ndani ya saa 2 baada ya kupikwa, kwenye chombo kilichofungwa, na yaliwe ndani ya siku 2.

Usiyarudishe kikaangoni. Minofu iliyokaangwa ukiipasha kwa moto mkali inakauka kama maganda. Ya mchuzi ipashe ndani ya mchuzi wake, moto mdogo, hadi itoe mvuke katikati. Iliyokaangwa mimi sipashi kabisa: naichambua kwa vidole, natoa mwiba wowote uliojificha, nachanganya na kachumbari yenye ndimu nyingi na parachichi, nakula ikiwa ya baridi na chapati ya asubuhi.